Pete ya uchumba na ya ndoa zichaguliwe siku moja

Mhariri,

Toleo lenu la Jumapili iliyopita lilikuwa na ukurasa mzima wa kuwashauri vijana namna ya kununua pete ya almasi. Habari za karati (uzito wa jiwe), rangi na usafi wa jiwe mlizieleza vizuri. Mimi ni sonara hapa Mwanza, na pete zinazorudishwa kwenye benchi langu mara nyingi mawe yake hayana neno. Tatizo huwa kwenye dhahabu inayolishika jiwe, na kwenye pete ya ndoa iliyonunuliwa baadaye ikakataa kukaa na mwenzake. Hayo hamkuyagusa hata kwa sentensi moja.

Kwanza tuliondoe hili la mishahara. Mliandika kwamba kijana atenge mshahara wa miezi miwili kwa ajili ya pete, kana kwamba ni desturi ya watu. Hiyo haikutoka kwa wazee wala kanisani. Ni matangazo ya De Beers, kampuni ya almasi, kwa Wamarekani. Yalianza na mshahara wa mwezi mmoja, na ilipofika miaka ya 1980 ikawa miwili. Kijana mwenye mahari ya kumalizia, kodi ya nyumba na kamati ya harusi inayomsubiri asibebeshwe na mzigo huo.

Huku kwetu kuna na jambo lingine. Kwa kuwa mgodi wa almasi wa Mwadui uko hapo Shinyanga, watu wanadhani almasi kwetu ni ya bei ya nyanya. Ni kweli Williamson, mwanajiolojia Mkanada, aliugundua mwaka 1940, na ni kweli jiwe la pinki la karati 54.5 lilitoka pale mwaka 1947 likaenda kwa Elizabeth wa Uingereza, likachongwa hadi karati 23.6. Lakini mawe ya mgodini huuzwa kwa wanunuzi wakubwa, hukatwa nje, ndipo hurudi dukani yakiwa na bei ya dunia. Anayekunong'oneza stendi kwamba ana jiwe ghafi mfukoni, achana naye. Biashara ya almasi bila leseni ni kosa, na mara nyingi hicho alichonacho ni kioo.

Sasa nije kwenye pete yenyewe.

Mwaka jana walikuja binti muuguzi na mchumba wake, harusi ikiwa imekaribia. Baada ya shikamoo na marahaba, binti akavua pete akaiweka mezani. Jiwe la nusu karati, zuri kabisa, limenyanyuliwa juu na kucha sita, yaani vile vijino vya dhahabu vinavyolishika jiwe. Akasema, "Mama, hii inanichania glavu kazini. Sasa hivi naivua naiweka mfukoni mwa yunifomu." Niliishika karibu na sikio nikaigonga kwa ukucha wa kidole changu. Jiwe lilikuwa linacheza. Unasikia kasauti kembamba ka kugongagonga. Nikapitisha pamba juu yake, nyuzi zikanasa kwenye kucha mbili zilizokuwa zimeanza kufunguka. Kidogo tu jiwe lingebaki ndani ya glavu, na glavu ingetupwa kwenye ndoo ya taka za hospitali.

Hiyo ilikuwa nusu ya shida. Pete ya ndoa ilikuwa imeshaagizwa Dubai, bapa na imenyooka. Nilipoziweka pamoja kidoleni, ile ya ndoa ikagonga kikapu kilichobeba jiwe, na katikati likabaki pengo la kupitisha njiti ya kiberiti. Kijana akauliza kama naweza kupiga tupa kidogo ili iingie. Nikamwambia, mwanangu, hapo unapotaka nipunguze ndipo panapobeba jiwe.

Kucha si mbaya zenyewe. Mtindo wa kucha sita unaojulikana zaidi ni wa Tiffany, duka la vito la New York, wa mwaka 1886, na nia yake ilikuwa kulinyanyua jiwe lipate mwanga. Kwa mtu anayekaa ofisini unafaa, alimradi pete ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Lakini kwa muuguzi, mwalimu wa chekechea, mpishi, fundi cherehani, au mama anayesuka watu nywele, kila kucha ni ndoana. Inanasa kwenye sweta, kwenye kitambaa, kwenye shuka la mtoto. Kila ikinasa inafunguka kidogo, na mwenyewe haoni mpaka siku atakapokuta tundu tupu.

Kwa mikono ya namna hiyo mimi nashauri jiwe lizungushiwe ukingo wa dhahabu pande zote na likae chini, karibu na kidole. Najua jibu la wauza duka: ukingo unaua mwanga. Si kweli kiasi hicho. Almasi iliyokatwa vizuri hupokea mwanga kwa juu na kuurudisha juu. Ubavuni hautegemei sana. Kinachoua mwanga ni mafuta. Almasi hupenda mafuta kuliko maji, ndiyo maana migodini walipitisha changarawe iliyoloweshwa kwenye meza zilizopakwa grisi: mawe mengine yakaenda na maji, almasi zikanata. Basi pete yako nayo inanata losheni, mafuta ya nazi na unga wa chapati, hasa chini ya jiwe usipopaona. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini vinatosha, lakini oshea kwenye bakuli, si kwenye sinki lenye tundu wazi.

Ukingo una faida nyingine kwa mwenye mfuko mdogo. Jiwe la robo karati lina upana wa milimita 4 hivi, na la karati nzima ni kama 6.5 tu, ingawa uzito umeongezeka mara nne na bei imepanda zaidi ya hapo. Ukilizungushia jiwe dogo ukingo mwembamba, jicho linauhesabu ukingo pamoja na jiwe. Vijana wengi wanakopa kwa ajili ya milimita mbili na nusu.

Ile pete ya muuguzi niliishusha jiwe, nikalitengenezea ukingo. Pete ya Dubai ilikuwa ya karati 22, ya uchumba 18. (Kwa dhahabu, karati ni kipimo cha usafi wake, si uzito kama kwa jiwe.) Hapo pia pana jambo. Dhahabu ya 22 ni laini. Ukiivaa imegusana na ngumu zaidi kutwa nzima, laini ndiyo inayoliwa. Nikaiyeyusha, nikaichanganya na fedha na shaba mpaka ikashuka kuwa 18 kama mwenzake, nikaitengeneza upya ikiwa na mkunjo mdogo katikati unaoufuata ukingo wa jiwe. Dhahabu mpya hawakununua hata gramu moja. Lakini gharama ya kazi waliilipa, na isingekuwepo kama pete mbili zingechaguliwa pamoja tangu mwanzo.

Kwa hiyo wanaotaka kununua, naomba mkifika dukani msiulize bei ya jiwe kwanza. Ombeni kuiona pete kwa ubavu. Kisha ombeni pete ya ndoa iliyonyooka, iwekeni kando yake mtazame kama zinagusana mduara mzima. Kama hazigusani, njia ni mbili: jiwe linyanyuliwe ili pete ya pili ipite chini yake, na hapo mkubali kunasanasa, au pete ya ndoa ipindwe ifuate ya kwanza, na hapo mkubali kwamba ikivaliwa peke yake itaonekana ina kijipindo. Wengine wanapenda pengo, na hiyo ni hiari yao. Tazameni muhuri wa ndani pia, 750 kwa karati 18 na 916 kwa 22, zote mbili zifanane. Na kama pete ya ndoa itakuwa na almasi ndogo, zisikae ubavuni zikasugua mwenzake. Almasi hukwaruza kila kitu, hata almasi nyingine.

Dhahabu nyeupe inapendeza, ila weupe ule mkali ni rodiamu, metali nyeupe inayong'aa, iliyopakwa juu. Hutoka kwa kuvaliwa, na si kila benchi mikoani lina uwezo wa kuipaka tena. Kwenye dhahabu ya njano, kwa upande mwingine, jiwe lenye kimanjano kidogo huonekana jeupe, kwa hiyo huna sababu ya kulipia rangi ya daraja la juu kabisa.

Kuhusu kipimo, kidole kipimwe jioni, si asubuhi ya baridi, na kwa pete mbili kwa pamoja. Pete mbili zikikaa bega kwa bega hubana kama pete moja pana, hivyo kipimo kiongezwe kidogo. Anayetaka mawe yazunguke kidole chote ajue kwamba pete hiyo ni vigumu mno kuikuza. Vidole hubadilika, hasa kwa mama mjamzito. Mawe ya nusu ya juu yanatosha. Upande wa kiganja nani anauona?

Kikwazo cha ushauri wangu ni hii mitindo ya kushtukiza. Siku hizi kijana hapigi goti mpaka kamera iwe tayari, na binti hatakiwi kujua chochote. Sina ugomvi na goti. Lakini nunua kipete cha fedha cha bei ndogo, pigia goti hicho, watu washangilie, kisha wiki inayofuata njooni wote wawili na mkono utakaovaa. Binti ajaribu kuvaa glavu, ajaribu kukunja ngumi, aingize mkono mfukoni na kuutoa. Hapo hata asiyejua karati ni nini atachagua vizuri kuliko mimi.

Na siku ya harusi, bibi harusi aihamishie pete ya uchumba mkono wa kulia kabla ya kuingia kanisani. Pete ya ndoa ikishavishwa ndipo ile nyingine irudi juu yake. Nimeshaona mtu anahangaika madhabahuni kuvua moja ili avishwe nyingine, kidole kimevimba kwa joto na mchungaji anasubiri.

Ombi langu kwenu, Mhariri: picha mliyoitoa iliionyesha pete kutoka juu, na kutoka juu kila almasi ni nzuri. Mtakapoandika tena, itoeni na ya ubavuni, ikiwa na pete ya ndoa pembeni.

Sonara,
Mwanza