Nyumba za wachoraji wa Iringa zitembelewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie hatua ya mchoraji mmoja wa hapa Iringa mjini, ambaye mwaka huu ameamua kuifungua nyumba yake kwa wageni kila Jumamosi. Sebule ameigeuza kuwa chumba cha maonesho, na banda la uani anamofanyia kazi ameliacha wazi ili anayetaka kumtazama akichora amtazame. Jina lake silitaji, kwa kuwa ninalotaka kusema linawahusu wachoraji wote wa Nyanda za Juu Kusini.

Anayeingia bandani humo huona mambo ambayo dukani hayaonekani. Kitambaa cha marekani huwambwa juu ya fremu ya mbao za msindano kutoka Mufindi, kikapigiliwa misumari midogo kuanzia katikati ya kila upande kuelekea kwenye pembe ili kisipate mikunjo, kisha kikapakwa rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na gundi ya mbao, mikono miwili, na mkono wa kwanza sharti ukauke kabla ya wa pili. Hapo picha yenyewe haijaanza. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai, rangi ya mafuta huchelewa mno kukauka, na nimeonyeshwa picha iliyomalizwa wiki kadhaa nyuma ambayo bado ilikuwa ikinata kwenye vidole. Mtu aliyeyashuhudia hayo hawezi tena kushangaa kwa nini mchoraji anakataa kuuza picha kwa bei ya kalenda.

Kanda yetu si ngeni katika sanaa. Pale Igeleke, pembezoni mwa mji, michoro ya watu wa kale ingali kwenye mwamba, na ukishuka hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, utawakuta kina mama wa Kikisi wakifinyanga vyungu vinavyosafirishwa mbali sana. Lakini tumezoea kununua kazi bila kumjua aliyeifanya, na vijana wenye vipaji hukua bila kumwona hata mchoraji mmoja akiwa kazini. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichora kwa takribani miaka minne tu, tangu mwaka 1968 hadi alipofariki mwaka 1972, na bado mtindo wake umeenea duniani, kwa sababu ndugu na vijana waliokuwa karibu naye walijifunza kwa kuketi kando yake na kushika brashi. Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu wa shule za msingi na sekondari wawapeleke wanafunzi katika nyumba kama hiyo, wachache wachache, kwa miadi, maana banda ni dogo na mwenye nyumba ana familia.

Wageni nao wana wajibu. Nimesikitishwa sana kumwona mtu mzima akipiga picha kazi moja baada ya nyingine kwa simu, kisha akaondoka bila hata kuaga, wala kununua kadi ndogo iliyowekwa mezani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji dhidi ya anayenakili kazi yake bila idhini, lakini kabla ya kufikia kwenye sheria, ni adabu ya kawaida kumwomba mwenyeji ruhusa ndani ya nyumba yake. Kiingilio kidogo, pungufu kwa wanafunzi, kisionekane kuwa ni uroho, kwani rangi nzuri ni ghali na siku ya kupokea wageni ni siku isiyochorwa.

Kwa halmashauri ombi langu ni dogo: liwekwe bango la kuelekeza kutoka barabara kuu, na wahudumu wa makumbusho ya Boma wawe na orodha ya wasanii walio tayari kutembelewa. Watalii wengi wanaokwenda Hifadhi ya Ruaha hulala hapa mjini usiku mmoja na kuondoka alfajiri. Waongoza watalii wakipewa orodha hiyo, wanaweza kuwapeleka huko jioni ile ile wanapowasili, kabla giza halijaingia, kwa kuwa bandani hamna taa ya kutosha kutazamia rangi.

Mwalimu mstaafu,
Kihesa, Iringa.