Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: waketisheni watafiti meza moja, na majibu yarudi kijijini

Kwako Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,

YAH: SAMPULI ZINAZOONDOKA NA MAJIBU YASIYORUDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima na majukumu yanakwenda. Sisi wakulima wa karanga wa huku mkoani Dodoma tupo, tunapepeta.

Wiki iliyopita mnunuzi alikuja na gari kuchukua mzigo wa kikundi chetu cha akina mama. Akachota konzi kutoka kila gunia, akasaga, akachanganya na dawa yake, akachovya kikaratasi, tukasubiri tumekodoa macho. Akasema sumukuvu, ile sumu inayotolewa na kuvu kwenye karanga na mahindi, imezidi, kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Akakunja turubai lake akaondoka. Unajua magunia yale yako wapi, Ndugu Mkurugenzi? Mengine kayabeba dalali kwa bei ya kutupa, yako sokoni, huenda kashata zake umeshazila. Yaliyobaki yako ndani kwetu na tunayapika.

Gari halijapoa, wakaja vijana na vishikwambi. Swali la kwanza: "Mama, umewahi kusikia kuhusu sumukuvu?" Nikamjibu mwanangu wa watu, nimesikia.

Tumesikia kwa watu wa kilimo, waliochukua udongo. Tumesikia kwa watu wa afya, waliochukua mkojo wa watoto na unga wa uji. Wa masoko nao walituuliza bei. Kila mmoja na fomu yake, na hakuna aliyejua mwenzake alishapita. Kwenye mkutano wa kijiji ulituahidi, wewe mwenyewe, kwamba majibu yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nimepita juzi. Kuna tangazo la mchango wa madawati.

Kinachouma zaidi ni hiki. Kliniki, nesi anatuambia tuweke karanga kwenye uji wa mtoto ili asidumae. Bwana shamba anatuambia karanga hizo hizo zina sumu inayoharibu ini. Wote wawili ni watumishi wako, ofisi zao zinatazamana. Mama afuate lipi? Na huyo bwana shamba anatukataza kulowesha karanga kabla ya kubangua, kwa sababu unyevu ndio unaoamsha kuvu. Ni kweli, hatubishi. Lakini maganda makavu yanachubua vidole mpaka damu, ndiyo maana tunalowesha. Dawa ya hapo ni mashine ya kubangulia, na mashine si kazi ya bwana shamba wala ya nesi, ni kazi ya fundi na ya mwenye fungu la fedha. Hao hawajawahi kuja na kishikwambi.

Nikukumbushe mwaka 2016. Hapa Dodoma na Manyara watu walianza kutapika, matumbo yakavimba, macho yakawa ya njano, watu wakasema ni ugonjwa wa ajabu. Wagonjwa 68 waliandikwa, 20 kati yao wakafa. Jibu halikupatikana wodini peke yake, ilibidi watu waingie kwenye vihenge, wapime mahindi, waulize familia zilikula nini, ndipo sumukuvu ikaonekana. Daktari aliyebaki na faili lake angekuwa anaandika "ini" mpaka leo.

Hata sumukuvu yenyewe iligunduliwa hivyo. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Madaktari wa mifugo walitafuta vijidudu wakakosa. Ikafuatiliwa chakula chao, ikakutwa mashudu ya karanga kutoka Brazili. Wanakemia wakaitoa sumu ikang'aa buluu na kijani chini ya mwanga maalumu, wataalamu wa kuvu wakamtaja mhusika. Fani moja isingefika.

Na wilaya jirani ya Kongwa ipo, mifupa ya mradi wa karanga wa Waingereza bado inasimuliwa. Walianza 1947 wakiota mamilioni ya ekari, 1951 wakafunga wakiwa wamezamisha pauni milioni 36. Mvua haikutosha, udongo wa mfinyanzi kiangazi ukawa zege. Mgogo yeyote angewaambia hayo bure, hakuulizwa.

Mimi si msomi, nakisia tu: nadhani kila idara ina fungu lake, mfadhili wake na posho yake, na kukaa pamoja ni kugawana posho. Kama nimekosea, nisahihishe hadharani, nitafurahi kujibiwa jambo. Tumesikia pia kuna dawa ya Aflasafe, iliyosajiliwa nchini 2018, kuvu asiye na sumu anabebwa kwenye punje za mtama, unamwaga shambani kabla ya maua, anamnyima nafasi yule mwenye sumu. Duka la pembejeo hapa hawaijui. Mtafiti anaijua. Hawajakutana.

Ombi langu ni moja. Kabla ya mvua, waite Afisa Kilimo, Mganga Mkuu, mtu wa biashara, mhandisi na hao watafiti wa vyuo, wakae siku moja kijijini kwetu, na sisi tuwepo, wakiwa na majibu ya vile walivyochukua. Majibu hata kama ni mabaya. Viti tutaazima kanisani, chai tutapika sisi. Ya karanga za kutafuna sitaahidi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa karanga na bibi wa wajukuu wanaokunywa uji huo

Nakala: Afisa Kilimo na Mganga Mkuu wa Wilaya. Nimetoa nakala moja tu, waisome pamoja.