Programu za vipimo vya visima zioneshe namba zake

Mhariri,

Siku hizi programu za kompyuta za kuchambua vipimo vya miamba vinavyochukuliwa ndani ya visima, kama vya mafuta, zimerahisishwa mno. Mtu hubofya mara tatu, akapata grafu ya kupendeza kabla hajajua alichopima.

Ukifungua faili la LAS, yaani faili la maandishi linalohifadhi vipimo vya kisima, soma kwanza kichwa chake: kina kiko kwa futi au mita? Kisha angalia namba inayowakilisha nafasi tupu, mara nyingi -999.25. Programu isipoitambua, itaihesabu kama kipimo halali na wastani wote utaharibika.

Kubwa zaidi ni namba ambazo programu hujijazia yenyewe. Chukua mwamba wenye msongamano wa gramu 2.40 kwa sentimita ya ujazo, uliojaa maji ya gramu 1.00. Ukichagua jiwe la mchanga (msongamano wa chembe zake ni 2.65), porositi, yaani sehemu ya mwamba iliyo wazi, ni asilimia 15. Ukichagua chokaa (2.71), inapanda hadi 18. Mwamba ni ule ule!

Kanuni ya Archie ya mwaka 1942, inayokadiria kiasi cha maji kwenye mwamba, nayo hudai ukinzani wa umeme wa maji ya mwambani kwa jotoridi la huko chini. Ukiingiza thamani iliyopimwa juu, penye ubaridi, bila kuirekebisha, kiasi cha maji kitazidishwa, na tabaka lenye mafuta litaonekana limejaa maji.

Watengenezaji wachapishe thamani hizi zote pembeni mwa grafu, si kuzificha ndani ya menyu ya tano.

Wachambuzi wa vipimo vya visima