Barua ya wazi kwa shangazi yangu: ujira wa binti si sadaka yako

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo.

Nimekaa na barua hii tangu Krismasi. Mara mbili nilikupigia simu nikiwa na nia ya kuyasema haya kwa mdomo, na mara zote mbili tukaishia kuzungumzia mvua na ada za watoto, kwa kuwa wewe ndiwe uliyenipokea nilipokuja mjini kutafuta kazi, na ulimi wangu huwa mzito mbele yako. Naiandika hadharani, bila kutaja jina lako wala mtaa wako, kwa sababu jambo hili haliko katika nyumba yako peke yake. Liko katika nyumba nyingi za watu wanaosali, na wengi wetu hatujawahi kuliungama.

Binti aliyekufanyia kazi za nyumbani miezi 14 aliondoka wiki ile ya Krismasi, baada ya kupata habari kwamba mama yake anaumwa. Ulimpa nauli, vitenge viwili na kilo 5 za mchele, ukamsindikiza hadi stendi, na jioni ukatuambia sebuleni kwamba umemsaidia sana yule mtoto. Nilikuwapo siku mlipopatana na mama yake shilingi 60,000 kwa mwezi, nawe ukasema utamtunzia fedha zake ili asizichezee. Miezi 14 inafanya 840,000. Kati ya hizo najua alipata 250,000, nyingine mkononi na nyingine zilizotumwa kwa mama yake kwa simu. Birika la umeme lililoungua likakatwa humo, na pasi nayo ikakatwa. Zilizobaki hazikutajwa siku ile stendi, na yeye, kwa jinsi alivyolelewa, hakuwa na mdomo wa kumdai mtu mzima.

Nakujua, Shangazi, na najua huna moyo wa ukatili. Mwezi wa Novemba ulisimama kanisani ukaahidi mifuko 30 ya saruji kwa ajili ya ujenzi, na ahadi ile uliitimiza kabla ya wiki mbili. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Baada ya binti kuondoka ndipo nilipotambua kwamba saruji ile na ujira ule vilikuwa katika pochi moja, na kwamba kimoja kilitolewa kwa sababu kingine hakikutolewa.

Katika mafundisho ya Kipaimara tuliimbishwa fadhila nne kuu: busara, haki, nguvu na kiasi. Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, akiifuata kauli ya kale ya wanasheria wa Roma, alieleza haki kuwa ni nia thabiti na ya kudumu ya kumpa kila mmoja kilicho chake. Lugha yetu imelihifadhi wazo hili vizuri kuliko tunavyotambua, maana kwetu neno moja, haki, hutaja fadhila iliyo ndani ya moyo wa mtendaji na pia kile kitu ambacho mwenzake anakidai mkononi: tunasema fulani ni mtu wa haki, na tunasema nipe haki yangu. Vivyo hivyo dhuluma kwetu haihitaji fimbo wala tusi. Mtu anaweza kudhulumiwa na mwenye sauti ya upole, akila chakula kizuri na kulala kwenye neti, ilimradi kilicho chake kimebaki mikononi mwa mwingine. Hapo ndipo haki inapotofautiana na huruma. Huruma huanza na kilicho changu, ambacho natoa kwa kupenda; haki huanza na kilicho chake, ambacho kipo kwangu tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu utume wa walei, waumini wasio mapadri wala watawa, ulifundisha kwamba madai ya haki yatimizwe kwanza, ili kile ambacho mtu anadai kwa haki kisije kikatolewa kana kwamba ni zawadi ya upendo. Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi nikivikumbuka vile vitenge viwili.

Najua utaniambia kwamba yule alikuwa kama mwanao. Umelisema mara nyingi, na unalisema kwa moyo wote, ndiyo maana nataka nikae hapo kidogo. Thomas wa Akwino anapojiuliza haki hufanya kazi kati ya nani na nani, anajibu kwamba haki kwa maana yake kamili inataka watu wawili walio tofauti, kila mmoja na chake. Na kwamba kati ya baba na mtoto haipo kwa namna hiyo kamili, kwa sababu mtoto ni kama sehemu ya baba yake. Mzazi hamwandikii mtoto mshahara kwa kuosha vyombo, kwa maana nyumba yote ni ya mtoto pia. Tunapomwita binti wa kazi mtoto wetu, kwa hiyo, tunamtoa katika nafasi ya mtu anayetudai bila kumwingiza katika nafasi ya mtu anayerithi. Watoto wako wako shuleni, yeye aliishia darasa la saba. Walipougua walipelekwa hospitali, yeye alipougua alinunuliwa dawa dukani. Sikusemi kwa hilo, kwa kuwa hukuahidi kumlea kama hao. Uliahidi 60,000. Kama angekuwa mwanao angestahili yote, na kwa kuwa alikuwa mfanyakazi alistahili ujira wake, lakini tulimweka katikati, mahali ambapo hapati hiki wala kile.

Mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu huletwa sana katika mazungumzo ya namna hii, kwamba mwenye mali ana uhuru wa kutumia vyake apendavyo. Ukiusoma tena katika Mathayo 20 utaona kwamba jioni ileile, kama Torati ilivyoagiza katika Kumbukumbu la Torati 24 kwamba jua lisichwe juu ya ujira wa maskini, mwenye shamba alimwita msimamizi wake na kila mmoja akalipwa. Walioanza asubuhi walipata dinari waliyopatana, kamili. Ukarimu wake kwa wale walioanza saa kumi na moja, waliopata dinari ileile, ulikuja juu ya haki iliyotimizwa, wala hakuna aliyetunziwa dinari yake.

Na kuhusu kupatana kwenyewe, maana nalo utalileta, Papa Leo XIII aliliandika wazi tarehe 15 Mei 1891 katika barua yake juu ya hali ya wafanyakazi: mfanyakazi na mwajiri wapatane kwa hiari, lakini kuna haki ya asili iliyo juu ya mapatano yao, kwamba ujira utoshe kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi na mwenendo mwema, na mtu akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida au kwa kuogopa baya zaidi, huyo ameshurutishwa na kudhulumiwa. Mama yake binti alikubali akiwa na mzigo wa kuni kichwani na watoto wengine watatu nyumbani. Sitaki kuligeuza hili kuwa mjadala wa kiasi, ingawa naamini 60,000 ilikuwa kidogo. Nasema tu kwamba hata hicho kidogo hakikufika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 nayo hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa uamuzi wake mwenyewe kwa ajili ya kitu kilichoharibika.

Nikueleze habari ya mtu mmoja ambayo ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike. Bartolomé de las Casas alifika visiwa vya Karibi kutoka Hispania mwaka 1502, akawa padri, na akiwa padri akaendelea kumiliki wenyeji waliogawiwa kwake wamfanyie kazi shambani na katika kutafuta dhahabu. Alijiona bwana mpole kuliko majirani zake. Mtawa mmoja Mdominiko alikataa kumuungamisha kwa sababu ya watu hao, naye akabishana na mtawa huyo na kurudi kwenye mali yake. Kisha mwaka 1514, akiwa Kuba, akiandaa mahubiri ya Pentekoste, alikutana na sura ya 34 ya Yoshua bin Sira, kitabu cha hekima katika Biblia ya Kikatoliki, panaposemwa kwamba sadaka iliyotokana na dhuluma haimpendezi Mungu, na kwamba anayemnyima kibarua ujira wake anamwaga damu. Alikwisha kuisoma sura hiyo kabla, bila shaka, kama nasi tunavyozisoma nyingi. Safari hii haikumwacha. Alikwenda kwa gavana Velázquez akawaachia wale watu wote, kisha akapanda mimbarini akawaeleza Wahispania wenzake hali yao. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu wa Chiapas, aliwaagiza waungamishaji wasimpe maondoleo mtu aliyejitajirisha kwa jasho la wenyeji mpaka kwanza awarudishie.

Siwezi kumtaja bila kutaja pia jeraha letu. Mtu huyuhuyu, akitafuta namna ya kuwapunguzia wenyeji mateso, alipendekeza watumwa Waafrika wapelekwe badala yao, na alipokuja kujua jinsi walivyokamatwa kwa dhuluma alijuta kwa uchungu na akaliandika juto lake. Namheshimu kwa yote mawili, kwa jicho lililofunguka Kuba na kwa kukiri kwamba jingine lilikuwa bado limefumba. Hilo hunipa mashaka mema juu yangu mwenyewe: naona birika lililokatwa kwenye ujira wa binti wako, lakini ni nani nisiyemwona mimi?

Mmoja nilioneshwa. Miaka mitatu iliyopita kijana fulani alinichimbia shimo la choo, nikamlipa nusu na kumwambia arudi mwisho wa mwezi. Aliporudi sikuwapo, na kuanzia hapo nikaacha kupokea simu yake. Kwaresima nilikwenda kuungama, nikalitaja jambo hilo katikati ya mengine, haraka. Padri alinikatiza. Hakuniuliza kama nimesikitika. Aliniuliza, "Anakaa wapi?" Nikasema Bonde la chini. Akaniuliza kama nina fedha hiyo nyumbani, nikasema ninayo, akaniambia kwamba malipizi yangu ya sala yatasubiri na kwamba deni lile halimo katika malipizi, kwa maana ni mali ya mtu. Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo, alikwisha kuandika katika karne ya 5 kwamba dhambi haisamehewi mpaka kilichochukuliwa kirudishwe, pale mtu anapoweza kukirudisha. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili, hakungoja kuambiwa arudishe. Nilimkuta kijana yule jioni hiyo akipanga matofali, na aibu niliyokuwa nayo iliisha kabla hajamaliza kuhesabu.

Dawa ya deni ni kulipa, na wewe ndiye uliyenifundisha methali hiyo nilipokuwa mdogo. Katika zile dhambi nne zinazomlilia Mungu tulizozikariri, kuwadhulumu wafanyakazi ujira wao imo pamoja na kuua kwa makusudi, na Yakobo anasema kwamba ujira uliozuiliwa wenyewe unapiga kelele. Binti amenyamaza, Shangazi. Fedha yake ndiyo inayolia, na inalia ndani ya nyumba yenye picha ya Moyo Mtakatifu ukutani.

Nami nimo ndani ya deni hili. Miezi mitatu niliyokaa kwako alinifulia na kunipigia pasi, na sikumpa hata shilingi, nikijiambia kwamba hilo ni lako. Nimetenga 90,000 kwa ajili yake. Namba yake ya zamani haipatikani, lakini mwalimu wa katekesi wa kigango chao anamfahamu mama yake, na nimeshapata namba ya mwalimu huyo. Mama anaendelea vizuri kidogo. Mdogo wake anaingia kidato cha kwanza na bado hajapata sare.

Nitakuja Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi, ukiniruhusu. Lile daftari la matumizi unaloliweka kwenye droo ya kabati la vyombo, nakuomba ulitoe, tuhesabu pamoja mwezi kwa mwezi, birika na pasi tukivirudisha kwenye hesabu yake. Kama haitawezekana kutuma zote kwa mara moja, tutamwambia hivyo yeye mwenyewe, kwa simu, na yeye ndiye atakayesema kama anakubali kungoja.

Mpwa wako akupendaye.