Suti ya vifungo viwili, ya safu mbili au Kaunda: uchague ipi?

Wateja wengi wanaofika dukani kwetu hapa Mwanza huja na picha kwenye simu. Picha inasaidia, lakini sisi tunaanza kwa kuuliza shughuli ni saa ngapi, na ni ukumbini au kwenye mahema. Joto la mchana na unyevu wa kando ya ziwa ndivyo vinavyoamua koti utalivumilia kwa muda gani.

Koti la safu mbili za vifungo humpendeza sana mtu mrefu mwembamba, maana humjazia kifua. Shida yake halivaliwi wazi: ukilifungua, upande mmoja unaning'inia. Kwa hiyo tumboni umebeba kitambaa mara mbili muda wote. Harusi ya jioni, sawa. Sendofu ya saa nane mchana, utalowa.

Anayenunua suti ya kwanza tunampa ya vifungo viwili. Funga cha juu tu; cha chini kinaachwa, koti limekatwa lifunguke hapo. Ukikaa, fungua vyote. Ukilifunga likachora mikunjo ya X tumboni, linakubana, na asikudanganye mtu kwamba litalegea. Ukishonesha, omba bitana (kitambaa cha ndani ya koti) ya nusu, yaani mgongo uachwe bila bitana kuanzia chini ya mabega. Bitana nyingi ni za poliesta na hazipitishi hewa. Watu hulaumu kitambaa cha nje bure.

Kwa kikao cha mchana, usiidharau Kaunda ya mikono mifupi. Haidai tai, na heshima yake iko palepale.

Mtindo wowote, tazama mabega kwanza. Mshono uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Mkono ukiwa mrefu zaidi kwa sentimita 2 au 3 tunapunguza, kiuno vilevile. Bega likizidi, inabidi kung'oa mkono mzima na kukata upya, na mara nyingi koti halikai tena vizuri. Bora utafute saizi nyingine.

Ule uzi wa msalaba unaofunga mpasuo wa nyuma kwenye suti mpya ni wa kiwandani tu. Ukate kabla ya kuvaa, la sivyo koti litajikunja kila ukikaa.

Koti usilifue kwa maji. Mengi ya bei ya kawaida yamebandikwa kitambaa kigumu kifuani kwa gundi. Gundi ikiachia, ukosi unavimba kama malengelenge, na hayo hatuna namna ya kuyaondoa. Pasi nayo ipite juu ya kitambaa chenye unyevunyevu, isiguse koti lenyewe.