Hongera ya bilauri mbili

Mhariri,

Jumapili iliyopita tulikuwa na wageni. Baada ya kula, binti yangu aliinuka bila kuambiwa, akakusanya sahani, akafuta meza, akarudi kuuliza nani anahitaji maji. Hakuna aliyenyanyua macho. Pacha wake wa kiume akabeba bilauri mbili tu hadi jikoni, sebule nzima ikamshangilia: "Hongera baba! Mke wako atafaidi." Wana miaka 11. Huyo mke katokea wapi, sijui.

Wageni walipoondoka, binti aliniuliza, "Baba, kwani mimi nilikosea wapi?"

Mimi ni mhasibu, basi nikafanya ninachokijua. Nilichora safu mbili kwenye daftari, nikaandika kila tulipomtuma mmoja wao kwa siku saba. Binti, mara 34. Kijana, mara 11, na nne kati ya hizo ni kuniletea chaja ya simu. Mwaka 2016 UNICEF ilieleza kwamba duniani wasichana wa miaka 5 hadi 14 hutumia muda zaidi kwa asilimia 40 kuliko wavulana katika kazi za nyumbani zisizolipwa. Nilipoisoma habari ile niliona ni mambo ya nyumba za watu. Kwangu imepita hata hiyo asilimia 40.

Na daftari halikuandika maneno. "Kaa vizuri" ni ya binti peke yake. Kaka yake hujimwaga kwenye kochi, miguu kila upande, na hakuna anayeona. Binti akidakia mazungumzo ya wakubwa ni mjuaji, kijana akidakia "huyu atakuwa wakili".

Kijana naye hakusalimika. Rafiki yake alipohama alilia, nami, kwa mdomo wangu huu huu, nikamwambia anyamaze, yeye ni mwanamume. Alinyamaza kweli. Tangu siku hiyo akiwa na jambo humpelekea mama yake, na mlango hufungwa. Mimi husikia minong'ono tu.

Kuna msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba adabu ya mtoto wa kike ni kazi ya mama yake. Namwomba asome kifungu cha 5 cha mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake: kinautaja wajibu wa kulea watoto kuwa wa wanaume na wanawake kwa pamoja. Akimaliza, achore safu zake mbili.

Daftari letu bado lipo. Siku hizi anayeandika ni binti, na ameongeza safu ya tatu yenye jina langu. Hadi jana usiku ilikuwa na alama moja: nimeosha sufuria. Hakuna aliyenipongeza.

Baba wa mapacha