Walimu wa kwaya, tunacheza andiko gani?

Mhariri,

Kila ubishi wa kucheza kanisani unapozuka hapa Dar es Salaam, wazee husema kwaya zimegeuka bendi na vijana hujibu kuwa hata Daudi alicheza. Mimi ni mwalimu wa kwaya, na naona pande zote mbili zinaliruka andiko lenyewe.

Kucheza kumo kwenye Biblia. Miriamu alitwaa tari baada ya kuvuka Bahari ya Shamu, wanawake wakamfuata wakicheza. Daudi alicheza kwa nguvu zake zote hadi mkewe Mikali akamdharau. Zaburi ya 150 yenyewe inaagiza: "Msifuni kwa matari na kucheza." Wazee wangu mniwie radhi, hapo sioni pa kubishania. Kule Bujora, karibu na Mwanza, ngoma za Wasukuma huchezwa hata kwenye sikukuu ya Ekaristi, Bulabo.

Shida iko kwetu walimu. Chukua Zaburi ya 137. Watu wametekwa, wako Babeli, wameketi kando ya mito wanalia, vinubi wamevitundika mitini. Waliowateka wanataka wachangamshwe kwa nyimbo za Sayuni, nao wanauliza: tutauimbaje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni? Mwishoni wanaomba kisasi, kwa maneno mazito mno. Halafu mwalimu anaingiza sebene humo humo, kwaya nzima inatabasamu na kutikisa mabega! Tunawapa watekaji burudani ileile ambayo mateka waliona uchungu kuitoa.

Na zaburi hiyo inachezeka, tena vizuri sana. Waimbaji waketi chini. Ngoma inyamaze, besi waanze peke yao, taratibu. Mikono inyooke juu kana kwamba inatundika kitu, ishuke mitupu. Swali la "tutauimbaje" liulizwe na sauti moja, wengine wakiwa wameinama. Babu zetu walilijua jambo hili kabla ya kwaya kuwapo: ngoma ya msiba hawakuipiga arusini.

Nasisitiza kwa sababu wapo akina bibi kwenye ibada zetu ambao hawakujaliwa kusoma. Zaburi wanaijua kwa jinsi tulivyowaimbia na kuwachezea. Tukiwaonyesha furaha mahali penye kilio, ndivyo watakavyoielewa, na ndivyo watakavyowasimulia wajukuu.

Nawaomba wachungaji na mapadre wakae na walimu wa kwaya, andiko lisomwe lote na kufafanuliwa kabla mtindo wa kucheza haujatungwa. Nusu saa kabla ya mazoezi inatosha. Na waandaaji wa mashindano ya kwaya, mnapotoa alama za sauti, sare na uchezaji, wekeni pia alama za kulitendea haki andiko, na majaji wawe wamelisoma.

Mwalimu wa kwaya,
Tabata, Dar es Salaam